Siku Nilipompaka Rangi Bi Madoa

Sijui nianze wapi, maana kila nikishika kalamu huona haya hata mbele ya karatasi, na karatasi haina macho. Lakini nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu, basi naliandika kama vile nakusimulieni nyinyi rafiki zangu wa Mombasa, mmekaa barazani mnanitazama (na ingekuwa kweli mmekaa mnanitazama nisingetoa hata neno moja, mnanijua). Mtacheka. Chekeni tu, Matrah nzima ilicheka, na hata mimi mwenyewe kuna pahala nacheka, ila kuna pahala pengine siwezi, na mkifika hapo mtapajua bila ya kuambiwa.

Yote yametokana na kopo moja la rangi na huu mdomo wangu uliokataa kufunguka.

Mnajua kuwa mwaka huu, mambo ya huku Omani yalipobadilika na watu wetu wakaanza kuitwa warudi, kaka yangu Nassor alitangulia Maskati, na kwa kuwa anajua Kiingereza akapata kazi ya ukarani serikalini hata hajapumzika safari. Sisi wengine, yaani mimi, Mama na Bibi, tukaiacha Mombasa tukafuata, tukafikia Wattaya, nje kidogo ya mji, kwa Ami Hamed, ndugu wa marehemu baba, ambaye ana nyumba ya udongo yenye uwa mkubwa na mitende nyuma yake. Ami ni mtu mpole wa kusubiri, na ushahidi wa kusubiri kwake ni ile gari.

Nasema gari kwa kuistahi. Ni gari ya Kiingereza ya zamani, ina mgongo wa mviringo kama kobe na taa mbili zilizotoka nje kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Ilikuwa imelala miaka ndani ya ghala la tajiri mmoja wa Matrah, mji wa bandari jirani na Maskati, kwani enzi za Sultani aliyepita kuendesha gari kulitaka ruhusa na ruhusa haikuwa ya kila mtu, na tajiri yule alipohama alimwachia Ami kwa usuhuba tu. Ami mwenyewe akaifufua injini yake, kwa kuuliza hapa na kubahatisha pale, mpaka ikaitika. Lakini mwili wake, lahaula. Mlango mmoja buluu, boneti nyeusi, kwengine kote rangi ya majivu iliyobabuka na kutu imetoka madoadoa, mpaka watoto wa Waswahili wenzetu hapa Wattaya wakaibandika jina la Bi Madoa, na ikipita husimama pembeni wakaiamkia shikamoo.

Sasa, Kaka Nassor alitaka kuoa. Alimtaka Zuwena, binti wa Mzee Khalfan, ambaye alikuwa jirani yetu Malindi kule Unguja, kabla hatujahamia Mombasa, na sasa ana duka la vitambaa Matrah. Kaka si mtu wa kusema mapenzi, lakini tulikuwa tunajua sote, kwa sababu akitajwa mtu yeyote wa Matrah, hata muuza mkaa, Kaka alikuwa akinyoosha shingo. Mama na Bibi walikwishakwenda kuzungumza na wanawake wa kule kama ilivyo ada, wakapokewa vizuri, na baada ya Idi ikaja habari kuwa wanaume waende Ijumaa, baada ya Alasiri, wapeleke posa. Pamoja na habari hiyo ikaja na nyengine: kuna kijana wa mji wa Sur, jamaa zao kwa upande wa mama, watu wake wameshafika kumtaka Zuwena, na wamefika na gari mpya inayong'aa mpaka watu wa uchochoroni wamejitazama ndani yake.

Mchana ule Kaka alikuwa hali, anachezea wali. Akasema, kama vile anazungumza na sahani, kwamba watu wa Sur wamekwenda na gari ya kioo na sisi tutakwenda na Bi Madoa. Ami akasema gari si mtu. Kaka akasema naam, Ami, lakini Mzee Khalfan ana macho.

Ndipo mimi, ambaye katika nyumba ile sijapata kusema jambo likasikilizwa, nikasema, "Mimi nnaweza kuipaka rangi."

Wakanigeukia wote. Bibi akauliza nani kasema. Nikaona haya nikainamisha uso, lakini neno lilikwishatoka, na Ami akalidaka kwa furaha, kwa sababu alikuwa nalo kopo kubwa la rangi ya mafuta, ya kijani, aliloachiwa na mafundi waliojenga pahala fulani Ruwi. Kaka akanitazama vile ambavyo hajapata kunitazama, akaniambia, "Sele, ukinifanyia hilo sitakusahau." Hakunisahau, kwa kweli.

Nikaanza kazi Jumatatu. Kukwangua juu juu ile rangi ya zamani kwa msasa nilikuweza, kazi ya kimya, mtu na chuma tu, hapana wa kunisemesha. Jumanne nikalifungua lile kopo na kukuta rangi imeganda kama halua, kijiti kikisimama ndani yake wima. Ami akaja akaitazama, akasema hii inataka kuzimuliwa, nenda Matrah, yuko mtu ana duka la rangi mlangoni mwa soko, muulize akupe kitu cha kuizimulia na akwambie inapakwaje, maana hata mimi sijui.

Hapo ndipo palipoanza. Hamjui Kiarabu changu. Mimi Kiarabu nimekisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani na skuli, nnakijua cha kitabuni, kila neno na irabu yake mwishoni, na wiki yetu ya mwanzo hapa Mama alinituma vitunguu, nikavitaka kwa Kiarabu kile kilichonyooka, na vijana wa dukani wakawa wananikariri kwa sauti moja kama wanafunzi wa chuo, mpaka mwisho wa uchochoro. Tangu siku hiyo nikawa nikitumwa dukani naumwa tumbo. Basi nikapanda nyuma ya lori la mchanga nikenda mpaka Matrah, nikafika mpaka mlangoni mwa duka la rangi, nikamwona mwenye duka ndani, mtu mzima mwenye kofia, anazungumza na vijana wawili kwa Kiarabu cha haraka na wanacheka. Nikasimama. Nikapanga maneno yangu kichwani. Nikayapanga tena. Kisha mmoja katika wale vijana akageuka kunitazama, na mimi nikageuka nikarudi Wattaya, na njia nzima nikijiambia kuwa nitapata akili nyengine.

Akili nikaipata, tena nyuma ya jiko. Ami alikuwa na debe la sifa, yale mafuta ya ini la papa, akipaka milango kuzuia mchwa. Nikalifunua tu, ile harufu ikanichukua mpaka Malindi, nyuma ya nyumba yetu, mimi mdogo nimechutama kuwatazama mafundi wa mashua, na nikakumbuka wazi kabisa fundi mmoja akimimina sifa ndani ya kopo la rangi iliyoganda, akakoroga, rangi ikalainika ikawa inang'aa. Nikasema kumbe. Nikasema ujuzi ninao, nimezaliwa nao, kwa nini nikajidhalilishe kwa watu? (Nilifurahi peke yangu pale nyuma ya jiko, nikacheka hata. Nakumbuka na nakereka.)

Nikamimina, nikakoroga, ikalainika. Ami aliporudi akauliza mwenye duka kasemaje, nikamjibu kuwa kasema izimuliwe kwa mafuta, na hilo ndilo neno la mwanzo la uwongo.

Jumatano nikapaka. Jamani, ilipendeza. Sitaki kusema uwongo mwengine juu ya ule, ilipendeza kwelikweli, kijani kizito chenye maji yake, hata nzi watatu walionasa kwenye boneti walikuwa kama mapambo. Bibi akatolewa kiti uani akakaa kuitazama, akavuta pumzi, akasema, "Harufu ya kwetu hii," macho yakamlenga machozi. Mama yeye alitoka jikoni akauliza nani kaleta papa ndani ya nyumba hii, na siku zote zile akawa anatafuta papa.

Alkhamisi nikaigusa, inanata. Nikasema kesho. Usiku ulikuwa wa baridi na umande, na Ijumaa asubuhi nikaigusa tena, kidole changu kikaacha alama yake pale mlangoni, na mistari yake yote. Nikaitazama alama ile. Nikaangalia jua, nikaona liko, nikasema mpaka Alasiri litakuwa limemaliza kazi. Nikakwenda kuoga, nikajisugua mikono kwa mafuta ya taa mpaka ikaniwasha.

Baada ya Sala ya Ijumaa Kaka akatoka chumbani. Kanzu nyeupe mpya, kilemba kimekaa, udi unatangulia mbele yake. Akaizunguka gari mara moja, mikono nyuma, asiiguse, akasema, "Umemfanya bibi harusi." Ami naye akaja na joho lake begani, akanitazama, akaniuliza swali moja tu ambalo mtu yeyote angeniuliza.

"Imekauka?"

Nikatazama viatu vyake. Nikimwambia haijakauka, basi tutakwenda na nini? Na Kaka ameshasema nimemfanya bibi harusi. Na nikisema, nitaulizwa, nitaulizwa vipi mwenye duka alikwambia, na nitaulizwa mbele yao wote.

"Imekauka, Ami," nikasema.

Tukaingia kwa kushika vipini tu, kwa kuwa Ami alisema tusiiwekee alama za vidole (kwa bahati hiyo tulifika tungali safi). Ami kwenye usukani, Kaka pembeni yake, mimi nyuma na sinia ya halua mapajani. Madirisha tuliyafungua kwa ajili ya harufu, ambayo ndani ilikuwa imechanganyika na udi na kuwa kitu ambacho sijui nikiite nini, na kutoka Wattaya mpaka karibu na Ruwi hapana lami, ni vumbi, na kila lori lililotupita lilitumwagia lake. Vumbi halikuanguka. Liliganda. Nikichungulia dirishani naiona gari inaota manyoya. Tulipofika Matrah kijani kilikuwa kimebakia kwenye mikunjo tu, kwengine kote Bi Madoa alikuwa rangi ya ngamia. Kaka alishuka, akaitazama, akanitazama mimi. Ami akasema tuingie, wenyeji hawangojeshwi.

Mzee Khalfan alitupokea vizuri. Ni mtu mrefu mkavu, kanzu yake nyeupe mpaka inaumiza macho, na joho jembamba la rangi ya maziwa. Tukakaa majlis, chumba chao cha wageni, ikaja halua, ikaja kahawa, wakaulizana hali mpaka hali zikaisha, wakamtaja marehemu baba, wakamrehemu. Mimi nilipopokea finjani Mzee Khalfan aliutazama mkono wangu kwa muda, nikadhani anaangalia kama nimepokea kwa mkono wa kulia, nikaona haya nikanywa haraka nikajiunguza. Kisha Ami akatikisa finjani yake kuonyesha imetosha, akajikohoza, akalianza lile neno kwa utaratibu, kwamba tumekuja kwenu kutaka udugu. Mzee Khalfan akasikiliza mpaka mwisho. Akasema Nassor ni mtoto wa mtu aliyemjua, walisali msikiti mmoja, na kwamba yeye haangalii mali. Nikamwona Kaka anashusha mabega, na mimi nikashusha yangu, na nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Hapo ndipo tukasikia mbuzi.

Lazima nikuelezeni kuwa mbuzi wa huku si kama wa Mombasa. Hawa hulishwa dagaa wakavu, na kwao harufu ya samaki ndiyo harufu ya chakula. Kwanza alilia mmoja, kisha wakamjibu wengi, kisha tukasikia vicheko uchochoroni, na binti mdogo wa Mzee Khalfan akachungulia mlangoni, kajiziba mdomo kwa mtandio, akasema, "Baba, mbuzi wanaila gari ya wageni."

Tukatoka. Sijui nikuambieni vipi. Mbuzi wa mtaa mzima walikuwa wameizunguka Bi Madoa wanairamba. Wanaramba kwa utulivu, kwa raha, kama watu walioalikwa. Ndevu zao kijani. Beberu mmoja amepanda miguu ya mbele kwenye boneti, na pale walipokwisha kuramba, weusi na buluu na majivu ya zamani yamechomoza tena, yaani madoa yote niliyoyafunika yamerudi, na mapya juu yake. Watu wamejaa kwenye milango na juu ya mapaa. Bibi mmoja jirani, mwenye mbuzi, anapiga kelele kuwa tumewawekea wanyama wake sumu, na Ami anamwapia kwa Kiarabu kuwa hapana sumu, na mimi nilikuwa najua kilichomo lakini ulimi umenishuka tumboni.

Mzee Khalfan akachukua bakora yake akaenda kumfukuza beberu, kwa kuwa wageni ni wake na aibu ya mgeni ni ya mwenyeji. Akamchoma ubavuni. Beberu akageuka na pembe zake, na Mzee Khalfan akarudi nyuma hatua, na nyuma yake ulikuwapo mlango wa gari, akauegemea kwa mgongo wake wote.

Alipojitoa nikaisikia ile sauti, kama plasta inavyobanduliwa. Nyuma alikuwa kijani kama kasuku, kutoka mabegani mpaka chini ya kiuno, na mlangoni pamebakia mgongo wake, na nyuzi za joho, na manyoya ya vumbi yamelala upande mmoja. Mtu mmoja juu ya paa akasema jambo na uchochoro mzima ukaangua kicheko. Mzee Khalfan hakucheka wala hakukasirika. Alijipapasa mgongo, akanusa vidole vyake, akatutazama sisi watatu mmoja mmoja.

"Nani kaipaka rangi gari hii?"

Nilifungua mdomo. Nnaapa niliufungua. Maneno yalikuwepo, ya Kiswahili, lugha yangu, mawili tu: ni mimi. Watu wote wale wananitazama, na hewa ikaingia ikatoka.

"Mimi," akasema Kaka.

Ami akamgeukia, kisha akatazama chini, kwa sababu angesema kweli angemfanya Kaka mwongo mbele ya mkwe. Mzee Khalfan akamwuliza Kaka kama aliona imekauka. Kaka akasema aliona imekauka.

"Hata rangi ya gari hukuweza kuingojea," akasema Mzee Khalfan, polepole. Kisha akatushukuru kwa kuja, akatuombea njia ya salama, akasema jawabu lipo, inshallah, na akaingia ndani na ule mgongo.

Tukapanda, Ami akaiwasha. Paka wa Matrah walitusindikiza mpaka mwisho wa nyumba. Karibu na Wattaya nilianza kulia bila sauti, na Kaka, bila kugeuka, akasema, "Wacha, Sele. Ungesema nini pale? Ungelia tu, wangetucheka mara mbili." Hakuwa na hasira. Afadhali angenipiga.

Jumamosi Ami akanituma tena kwenye lile duka nikatafute cha kuiondolea rangi, na safari hii niliingia, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuaibika hana cha kuhifadhi. Nikaanza Kiarabu changu na irabu zake zote. Mwenye duka alinisikiliza mpaka katikati, akaniwekea mkono begani.

"Sema Kiswahili, mwanangu, unajitesa bure. Mie mzaliwa wa Wete," akasema. "Na siku ile nilikuona umesimama hapo mlangoni ukaondoka. Nilikuita, hukusikia."

Akanipa tapentaini. Nikenda nayo mpaka nyuma ya soko nikakaa juu ya gunia la mtu.

Wiki nzima tulikwangua, Ami, Kaka na mimi. Nilimwambia Ami kila kitu, la duka na la sifa na la alama ya kidole, na yeye akaendelea kusugua, kisha akasema tu kuwa mbao hunywa mafuta, chuma hakinywi, na kwamba angelijua angeniambia. Sasa, mnajua ada: watu waliopeleka posa ndio hurudi baada ya siku chache kufuata jawabu. Bibi akauliza mnakwenda lini. Ami akasema hatwendi, "jawabu tumeliona mgongoni mwake", na hatuwezi kujidhalilisha mara ya pili. Kaka akainamia kazi yake. Na mimi kila siku nikiamka nasema leo nitakwenda kwa Mzee Khalfan nimwambie kweli, na kila siku napata sababu: leo ana wateja, leo ni Ijumaa, leo kanzu yangu haijafuliwa.

Nimekwenda leo, Jumamosi, asubuhi. Nilimkuta dukani kwake peke yake anakunja kitambaa. Nikasema kabla sijaamkia, ili nisije nikakimbia, "Gari niliipaka mimi, si Nassor. Na nilijua haijakauka."

Akaendelea kukunja. "Najua," akasema. "Kucha zako zilikuwa kijani ulipopokea finjani."

Nikaziangalia kucha zangu. Bado.

"Nilimwuliza kusudi," akasema. "Nilitaka nimwone, atamtupa mdogo wake mbele za watu, au atamfunika. Akakufunika. Siku ile ile nikamwambia mama yake Zuwena, kijana ni huyu." Akaweka kitambaa juu ya chenzake, akakisawazisha. "Nikangoja mje kufuata jawabu. Hamkuja. Nikasema labda wameudhika kwa nililolisema pale nje, labda wameona bora kwengine. Watu wa Sur walikuja. Alkhamisi nimewapa neno, mwanangu, na neno nikishalitoa silirudishi."

Nilitaka kusema mambo mengi. Nilichosema, Mungu anisamehe upumbavu wangu, ni kwamba nitalifua lile joho lake. Akatabasamu kidogo, akasema joho ameshalitoa, linafutiwa mizani. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Ungelikuja mapema." Akarudi kwenye vitambaa vyake.

Kwa hiyo haikuwa mbuzi, wala sifa, wala vumbi. Bi Madoa na uchafu wake wote hakutuharibia kitu. Mlango ulikuwa wazi wiki nzima, na mtu mmoja tu angefika akafungua mdomo, angeingia. Nimeapa kuwa sitapaka tena rangi kitu chochote katika dunia hii, hata ukuta, hata kasha. Lakini hicho ni kiapo chepesi, najua, na ninachokwepa ni kile chengine, cha kufungua mdomo.

Maana Kaka hajui bado. Tangu nimerudi nimekaa humu chumbani naandika, na yeye yuko uani anasugua ule mlango wenye mgongo wa Mzee Khalfan, ambao ameuacha mpaka mwisho. Jana aliniuliza, kwa sauti ya chini ili Ami asisikie, kama nadhani Ami atakubali twende kufuata jawabu Ijumaa ijayo, gari ikiwa imeshakuwa safi. Amenunua rangi mpya, kwa yule bwana wa Wete. Buluu.

Nausikia msasa wake. Sasa umesita. Ananiita nimpelekee tapentaini. Nakwenda, na safari hii mdomo ukikataa nitaufungua kwa mikono.